Mutumbwi wa Mama Uliolala Majini

Juzi nilikuwa kwa binti yangu pale Kigwena, nimekaa nje nachambua mchele, nikaona kitu cha njano kinaelea ziwani. Nikamwita mjukuu wangu. "Weye, kuja uone, kuna mutu amepanda ndizi!" Mutoto akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, ile si ndizi. Ile ni kayaki, mutumbwi ya plastiki. Muzungu iko anavua samaki."

Basi nikakaza macho. Kweli, muzungu amekaa ndani, amenyoosha miguu mbele kama mama aliyejifungua jana, amevaa koti, kofia na soksi za mikono, maana kiangazi hiki kina baridi ya kufinya masikio. Anatupa fimbo yake, fyuuu! Anangoja. Anavuta. Hakuna kitu. Anatupa tena, fyuuu! Nimemaliza mchele wote, yeye bado anasalimia maji. Nilicheka mpaka mchele ukamwagika, binti yangu akatoka mbio akidhani nalia. Labda nililia kidogo. Nilikuwa nimemwona Mama yangu.

Nyinyi wenzangu, nyinyi ambao magoti yanalalamika kabla hamujaamka, munakumbuka kiangazi cha zamani kwenye pwani yetu hii. Asubuhi upepo ulishuka kutoka milimani, unapita kwenye michikichi, unakuja kuingia ndani ya kanga. Mchanga ulikuwa baridi kama tumbo la samaki. Watu walichoma majani huko juu, na moshi ukachanganyika na vumbi na ukungu, ziwa likawa jeupe kama uji. Na ng'ambo, pale ambapo wakati wa mvua unaona milima ya Kongo hata nyufa zake, kiangazi hauoni kitu. Imekwisha. Imeondoka.

Mimi niliamini kabisa kwamba imeondoka. Baba ndiye alinidanganya. Nilimuuliza milima imekwenda wapi, akasema kwa ile sauti yake ya kutafuna maneno, "Eee... milima ya kwa mama yako? Imeenda matanga. Mvua ikianza itarudi." Nikamwonea Mama huruma. Mutu kwao kuna milima, na milima yenyewe haikai nyumbani!

Mama alitoka ng'ambo, upande wa Fizi. Alipoolewa huku karibu na Rumonge, hakuletwa na mashua ya watu. Alikuja na mutumbwi mdogo ambao baba yake alimchongea, wa mti mumoja, mwembamba, watu wawili na mutoto wakikaa ndani lazima wakubaliane nani apumue. Alipiga kafi mwenyewe. Watu wa hapa walisimama pwani midomo wazi, maana huku kwetu mwanamke haingii mutumbwi wa kuvua. Mwanamke anangoja mchangani na beseni. Mama akiulizwa, alijibu kwa kuimba, kama wale wa ng'ambo wanavyosema: "Kwetuuu, binti asiyejua kupiga kafi, nani atamuoa? Atamuoa mamba?"

Kila kiangazi Mama alikuwa anauzamisha ule mutumbwi. Anaujaza mawe, unashuka pole pole karibu na matete, unalala chini ya maji pale pa kina cha goti. Mutumbwi wa mti ukiachwa mchangani kiangazi, jua na upepo vinaupasua kama kisigino changu hiki. Mimi nilikuwa naenda kuuchungulia. Naona samaki wadogo wanaingia na kutoka. Nilidhani Mama anawafugia nyumba.

Sasa Nyanya. Huyu ni mama wa Baba, na ndiye alikuwa serikali ya lile boma. Sauti yake ilitoka puani, kama mbuzi aliyefungwa karibu na mihogo asiifikie. Kazi yake kubwa ilikuwa kupika mawese. Alikuwa na pipa lake jeusi, na mwaka ule chikichi zilikuwa zimelundikana uani, zimeanza kunuka tamu. Tatizo ni kuni. Msitu wa Kigwena ulikuwa na walinzi, ukikutwa na kijiti tu unaelezea mpaka jioni. Na Nyanya alikuwa na jicho lake kwenye ule mutumbwi. Si kwa sababu ya kuni peke yake. Nilimsikia akimwambia Baba, "Mwanamke mwenye mutumbwi iko kama mgeni ambaye hajavua viatu. Siku moja utaamka, kitanda baridi, kafi hakuna."

Basi asubuhi moja akasimama uani, mikono kiunoni. "Mama Mapendo!" Mapendo ni mimi. "Ule mti wako uliouzamisha, unafanya kazi gani kule? Unafundisha vyura kuogelea?"

"Iko inalala, Mama," Mama akamjibu. "Juani itapasuka."

"Basi ipasukie chini ya pipa langu! Kesho watu wanakuja kutwanga chikichi. Nipike na nini, na nywele zangu?"

Mama aliweka chini mwiko. Nilijua sasa kuna kitu, maana Mama akiwa na hasira hapandishi sauti, anaishusha. "Na hao watu, Mama, watakula bugari na nini?"

Hapo Mama alimshika. Kumbukeni ilikuwa wakati wa mwezi mpevu. Mwezi ukiwaka vile, taa za wavuvi hazidanganyi ndagala, hao dagaa wetu, kwa hiyo mitumbwi yote mikubwa imelala, wanaume wamelala, na soko ya Rumonge imebaki na magamba. Baba mwenyewe alikuwa amekaa pale anashona wavu usio na tundu.

"Kesho asubuhi nitavua," Mama akasema. "Nikirudi na samaki ya kushibisha watu wako wote, mutumbwi inabaki yangu na hatuisemi tena. Nikirudi mikono mitupu, lete shoka, nitapasua mimi mwenyewe."

"Mwanamke kuvua!" Nyanya akapiga makofi. "Samaki watakimbia mpaka Zambia!"

Baba akainua kichwa. "Mimi, eee... mimi naona..."

"Wewe nyamaza," wakasema wote wawili kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza niliwaona wamepatana.

Ningewaambia kwamba nilielewa neno moja la mambo hayo, ningekuwa muongo. Nilichosikia mimi ni kwamba Mama anaenda ziwani kesho. Na kwa nini mutu wa ng'ambo aende ziwani kiangazi? Kutafuta milima yake, si ndiyo? Kuirudisha nyumbani! Nikaenda zizini nikafungua kamba ya mbuzi, nikaizungusha kiunoni chini ya gauni. Ukikuta mlima, lazima uwe na kitu cha kuufungia.

Asubuhi Mama alitaka kuniacha. Nikalia vizuri sana, kwa ustadi. Akasema, "Haya, utatoa maji." Kwanza tulipita kwa jogoo ya Nyanya, jogoo nyeupe, jeuri kama mwenyewe. Mama akaibana kwapani akachomoa manyoya ya mkia. Ko-ko-ko-kweee! Kutoka ndani ikasikika sauti ya puani: "Nani anaua jogoo yangu?" Tukakimbia. Mama yangu, mutu mzima, anakimbia na mkono mdomoni azuie kicheko!

Kule kwenye matete aliingia majini mpaka magotini, akaanza kutoa mawe moja moja. Baridi! Maji yalikuwa yanauma vidole. Mutumbwi ukatikisika kama ng'ombe anayeamka, ukainua mgongo wake mweusi, Mama akauyumbisha huku na huku mpaka maji yakamwagika, chwaa! Ulinuka tope na mizizi. Kaa mdogo akatoka kwa hasira, kama tumemvunjia nyumba, na kweli tulikuwa tumemvunjia.

Tukaenda. Mimi mbele na kopo, Mama nyuma na kafi. Wenzangu, ule utelezi! Mutumbwi mdogo hausemi kama mashua. Unasema sss tu, kama mutu anayekunywa chai ya moto. Maji yako hapo, chini ya kiwiko. Nikiweka mkono nje nagusa ziwa. Nyuma yetu michikichi ikawa kijivu, kisha ikawa kivuli, kisha haikuwepo. Mbele nyeupe, nyuma nyeupe. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupasuka.

"Mama, milima iko wapi?"

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele. Toa maji."

Akafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano pamoja na kipande cha bati kilichong'aa, akashusha kamba. Akaizungusha kwenye kidole cha mguu, akawa anapiga kafi pole pole, manyoya yacheze huko chini. Aliomba pia, kwa kifupi: "Yesu, unajua mama mukwe wangu. Amina."

Tukazunguka sana. Hakuna kitu. Nilianza kuona midomo ya Mama inakazana. Upepo wa milimani ulikuwa bado unavuma taratibu, lakini sote tuliokulia hapa tunajua: jua likipanda, ule wa kusini unaamka, na ule hauchezi na mutumbwi wa mti mumoja. Mama alikuwa anaangalia maji upande wa kusini, anarudisha macho kwenye kamba, anaangalia tena.

Halafu kidole chake cha mguu kikaruka. "Eee!" Akavuta mkono juu ya mkono, na huko chini nikaona kitu cha fedha kinazunguka. Mukeke! Mnene, mzuri. Nikapiga kelele. Mama akasema, "Tulia. Huyu ni wa Nyanya peke yake. Wale wengine wata..."

Hakumaliza. Chini ya ule mukeke maji yakawa meusi. Yakafunguka. Mdomo, jamani! Mdomo kama beseni la kufulia! Ukafunga, pwaa, mukeke hayupo, na kamba ikaanza kwenda yenyewe, shiiiii, juu ya ukingo wa mutumbwi, mpaka ukanuka mti ulioungua.

"Sangala!" Mama akapiga ukelele. "Mapendo, lala chini! Lala!"

Nikalala. Mutumbwi ukageuka kichwa, ukaanza kukimbia. Hakuna mutu anayepiga kafi, nawaambia, na tunakimbia! Maji yanagawanyika mbele ya pua yangu, nanyeshewa usoni, meno yanagongana, na mimi nacheka kama mwenda wazimu. Mama alikuwa ameweka miguu kwenye mbavu za mutumbwi, kamba imezungushwa kwenye kafi, anaongea na ile samaki kwa lugha ya kwao, maneno ambayo siku nyingine alinikataza kusema. Ikatuvuta huku. Ikatuzungusha. Ikaenda chini, pua ya mutumbwi ikainama, maji yakaingia. "Toa maji!" Natoa. "Toa!" Natoa! Ikapanda, ikaruka nje ya maji nusu mwili, nikaona jicho lake, jicho la njano, linaniangalia mimi kama vile mimi ndiye niliyemletea shida.

Baadaye ikachoka. Mama pia alikuwa amechoka, vidole vyake vilitoka damu. Akaivuta mpaka ubavuni akaipiga kichwani na kafi, mara ya kwanza akapiga maji, tukaloa, akapiga tena. Ikatulia. Lakini kuipandisha? Ile samaki ilikuwa inanizidi mimi urefu na uzito. Ukiiweka ndani, nani atatoka?

"Ningekuwa na kamba," Mama akasema, anahema.

Nikainua gauni. "Iko hapa."

Alinitazama. "Hii ni kamba ya mbuzi. Umeileta ya nini?"

"Ya kufunga milima."

Mama alicheka hivi, hakuna sauti, mabega tu. Akaipitisha kwenye mashavu ya samaki akaifunga ubavuni mwa mutumbwi. Ndipo akashika kafi, akainua kichwa ili turudi.

Turudi wapi?

Nyeupe. Pande zote nyeupe. Hakuna jua, hakuna mti, hakuna mlio wa mutu. Ile samaki ilikuwa imetuzungusha mpaka kusini na kaskazini vikachanganyika. Mama akapiga kafi kidogo huku, akaacha. Akapiga kule, akaacha. Sikuwahi kumwona Mama hajui kitu. Akalaza kafi magotini, na hapo ndipo nilisikia baridi kweli. Mawimbi madogo yalianza kugonga mutumbwi, tap, tap, kama mutu anayebisha hodi kwa adabu kabla hajavunja mlango.

Nami nikanusa. Niliinua pua. Kitu kizito, kitamu, chenye kuungua pembeni. Njaa ikanikamata.

"Mama! Milima inapika!"

"Nini?"

"Nusa! Milima inapika mawese!"

Mama akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. Akaanza kutetemeka, sijui ni kicheko ama ni kingine. "Mwanangu, milima ya kwetu haijui kuunguza mawese namna hii. Hiyo ni nyanya yako." Akageuza mutumbwi. "Kaa mbele kabisa. Wewe ndiye pua. Ukiipoteza, sema."

Heshima niliyopewa siku ile sijapewa tena! Nilikaa mbele, shingo ndefu kama bata. "Huku! Huku! Hapana, imepotea. Rudi! Kushoto, Mama, kushoto!" Naye anafuata, mutu mzima anamfuata mutoto kwa neno moja. Sangala inatuburuta upande mumoja, mawimbi yanakua, maji yanaingia, natoa kwa mkono huku pua iko juu. Ile harufu ikawa nene. Ikaingia mpaka kooni. Halafu katika ule weupe nikaona doa jeusi, moshi, moshi mzito kama wa lori bovu, na chini yake michikichi, na chini ya michikichi watu.

Baba alikuwa majini mpaka kifuani na nguo zake zote. Baba huyu wa kutafuna maneno alikuwa anaita jina la Mama, si Mama Mapendo, jina lake la usichana, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alishika pua ya mutumbwi akaweka paji la uso juu yake. Wanaume wakaja kuvuta sangala. Mumoja akasema, "Yebaba wee! Hii imevuliwa na nani?" Mwingine akasema, "Na huyu mwenye kanga." Wa kwanza akasema, "Hapana, sema kweli."

Nyanya hakushuka pwani. Alikuwa pale juu kwenye pipa, anapepea moto na ungo, macho mekundu, jasho linamtoka kwenye ile baridi. Alikuwa amemwaga mawese ndani ya moto wenyewe ili utoe moshi. Hakutuangalia. "Mumechelewa," akasema kwa puani. "Bugari imepoa."

Halafu akamwona Mama amesimama, ameloa, vidole vina damu, kafi iko mkononi. Akaangalia upande wa ziwa. Upepo wa kusini ulikuwa umeshaamka, mawimbi yanavunjika meupe. Ghafla akawafokea wanaume. "Nyinyi munashangaa nini? Hamujaona samaki? Rudisheni mawe, muzamishe mutumbwi ya mutu kabla jua halijatoboa ukungu! Itapasuka, nyinyi mutalipa?" Wakakimbia. Na hatukuisema tena, kama walivyokubaliana.

Watu wakala. Watwangaji walikula sangala mpaka wakasahau chikichi. Mimi nikatumwa ndani kwa Nyanya kuchukua chumvi, na pale nikasimama. Chumba chake kilikuwa kimekuwa kikubwa. Mkeka wake umekunjwa pembeni, shuka yake imekunjwa juu yake, na katikati hakuna kitu, ni vumbi tu lililochora pembe nne.

Nikatoka na chumvi. "Nyanya, kitanda chako iko wapi?"

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Baba akaangalia moto. Mama akaangalia moto. Chini ya pipa kulikuwa kumebaki mguu mmoja wa kitanda, umeungua nusu, na kile kichwa chake cha mviringo alichokichonga babu.

Nyanya alitafuna. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Kilikuwa na kunguni," akasema.

Mama akainuka, akachukua kichwa cha sangala kizima, akakiweka mbele ya mama mukwe wake kwa mikono miwili. Mama yangu, ambaye tangu aolewe hajapata kukaa juu ya kile kitanda hata kidogo.

"Na walikuwa wanauma, Mama," akasema. "Wanauma sana."